Taa za Nje na Giza la Usiku: Jinsi ya Kuchagua na Kufunga Taa Isiyopoteza Mwanga

Kwa wananchi wengi, taa inayowaka nje ya nyumba ni alama ya maendeleo. Nguzo za umeme zinapofika kijijini, jambo la kwanza ambalo familia nyingi hulifanya ni kutundika balbu mlangoni ili uwanja uonekane usiku. Mama lishe huongeza saa za biashara, mwanafunzi hurejea nyumbani kwa amani, na mgonjwa hupelekwa zahanati bila wanaomsindikiza kupapasa njia. Faida hizo ni za kweli, na makala haya hayakusudii kumshawishi mtu yeyote arudi gizani.

Linalotuhusu hapa ni ule mwanga ambao mteja ameulipia lakini haumfai: unaopanda angani, unaopenya dirishani kwa jirani, unaompofusha dereva wa bodaboda, au unaowaka hadi asubuhi katika uwanja usio na mtu. Wataalamu huuita uchafuzi wa mwanga. Uchafuzi wa maji au wa udongo husafishwa kwa gharama kubwa na kwa muda mrefu, lakini huu hukoma papo hapo taa inapozimwa au kugeuzwa. Kwa sababu hiyo mtumiaji wa kawaida ana uwezo mkubwa wa kuupunguza, na sehemu kubwa ya anachokipunguza hubaki mfukoni mwake.

Uchafuzi wa mwanga ni nini?

Uchafuzi wa mwanga ni matumizi ya taa kwa namna inayozidi mahitaji: mwanga mwingi mno, ulioelekezwa pasipohitajika, unaowashwa wakati usiofaa, au wenye rangi isiyofaa. Hujitokeza katika sura nne.

Sura ya kwanza ni mng'ao wa anga. Msafiri anayekaribia jiji kubwa kwa basi la usiku huona wingu la mwanga juu ya jiji kabla hajaziona nyumba zenyewe. Huo ni mwanga uliopanda juu, ukagonga vumbi, mvuke na chembe za hewa, kisha ukatawanyika na sehemu yake kurudi chini. Sura ya pili ni mwanga wa kupofusha: taa kali inapoingia machoni moja kwa moja, mboni hunywea, na mtu hushindwa kuona kilicho pembeni mwa taa hiyo. Sura ya tatu ni mwanga unaovuka mpaka, yaani taa ya uwanja mmoja inayoangaza chumba cha kulala cha nyumba nyingine. Sura ya nne ni mrundikano wa taa, kama ilivyo katika mitaa ya biashara ambako kila duka hushindana na jirani yake kwa taa na mabango, hadi taa za kuongozea magari huwa ngumu kutambulika.

Chanzo kikubwa cha hayo yote ni umbo la taa na jinsi ilivyofungwa. Balbu ya duara isiyo na kofia hutoa mwanga pande zote, na karibu nusu yake huelekea juu ya usawa wa taa yenyewe, ambako hakuna njia, mlango wala ngazi. Mwanga unaotoka taani ukiwa karibu kulala sambamba na ardhi ndio unaoeneza mng'ao mbali zaidi, kwa kuwa husafiri masafa marefu ndani ya hewa nzito ya chini. Taa kali inayofungwa ukutani na kuinuliwa uso wake ili “iangaze mbali,” kama wengi wanavyofanya, humwaga sehemu kubwa ya mwanga wake katika njia hiyo hiyo.

Kwa nini tatizo linakua

Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha ramani ya mng'ao wa anga ya dunia nzima. Waligundua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, na kwamba zaidi ya theluthi moja hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, kutoka mahali wanapoishi. Miongoni mwa nchi ambazo watu wake walikuwa wameathirika kidogo zaidi zilikuwa Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska. Mwaka 2023 watafiti wengine walitoa matokeo ya hesabu za nyota zilizofanywa na wananchi wa kawaida, hasa wa Ulaya na Amerika Kaskazini, kuanzia mwaka 2011 hadi 2022. Anga ilikuwa iking'aa zaidi kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa mahali penye nyota 250 zinazoonekana kwa macho atabaki na takriban 100 atakapotimiza miaka 18.

Mabadiliko hayo yamekwenda sambamba na kuenea kwa taa za LED. Uvumbuzi wa LED ya buluu, uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, ndio uliowezesha kutengenezwa kwa taa nyeupe zinazotumia umeme kidogo. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni taa ya buluu iliyopakwa kemikali inayogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa wa manjano. Buluu nyingine hubaki, na mwanga wa buluu hutawanyika hewani kuliko rangi nyingine, kwa kanuni ile ile inayoifanya anga ya mchana ionekane ya buluu. Pamoja na hayo, kwa kuwa taa hizi ni nafuu kuziwasha, watu wengi hununua zenye mwanga mkali zaidi, huziongeza idadi na huziacha zikiwaka usiku kucha. Hapo unafuu wote huliwa na wingi.

Ni rahisi kudhani kwamba lawama ni ya taa za barabarani peke yake. Mwaka 2019 mji wa Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ulibadilisha kwa makusudi nguvu ya taa zake za barabarani kwa siku kadhaa huku setilaiti ikipima. Ilibainika kwamba taa hizo zilitoa takriban moja ya tano tu ya mwanga ulioonekana kutoka juu. Uliobaki ulitoka kwingineko: maduka, mabango, viwanja vya michezo, maegesho na majengo ya watu. Uamuzi wa mwenye nyumba na mwenye duka, basi, una uzito.

Miji yetu ndiyo kwanza inafunga taa zake. Anayechagua taa nzuri leo hatalazimika kuinunua mara ya pili. Kuna pia urithi wa kulinda. Kundi la nyota tunaloliita Kilimia lilipata jina lake kutokana na kulima, na wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au zaidi katika kundi hilo akiwa kijijini. Katikati ya jiji lenye taa nyingi, ana bahati akiona ukungu hafifu tu.

Je, mwanga mwingi huleta usalama?

Hili ndilo jambo linalowagusa wengi, na lina majibu mawili yanayopaswa kusomwa kwa pamoja.

Ni kweli kwamba mwanga ukiwekwa panapostahili unaweza kupunguza uhalifu. Jaribio lililofanywa mwaka 2016 katika makazi ya umma ya New York, ambako minara ya taa ilipelekwa kwenye maeneo yenye uhalifu mwingi, lilionyesha kwamba makosa makubwa ya usiku yanayotendeka nje yalipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mamlaka 62 za mitaa za Uingereza na Wales, ambazo zilizima au kupunguza baadhi ya taa za barabarani usiku, haukupata ushahidi kwamba ajali au uhalifu uliongezeka. Tukiyasoma matokeo hayo pamoja, funzo ni kwamba mahali, wakati na mwelekeo wa mwanga vina uzito mkubwa. Kuongeza ukali peke yake hakutoshi.

Tuchukue mfano wa taa kali iliyofungwa ukutani ikitazama lango. Anayesimama langoni humulikwa usoni, na mlinzi aliye ndani humwona. Lakini nyuma ya pipa, chini ya mwembe na pembeni mwa tangi la maji huzuka vivuli vyeusi, na jicho lililozoea taa kali haliwezi kuona ndani yake. Jicho la binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 ili lizoee giza kikamilifu, na taa moja kali huliharibia mazoea hayo kwa sekunde chache. Kwa hiyo taa inayompofusha mwenye nyumba au mlinzi wake humsaidia mwizi aliyejibanza kivulini. Jirani anayetazama kutoka upande wa pili wa barabara naye huona taa tu. Hawezi kumtambua mtu anayeruka ukuta chini yake.

Taa ya kiasi, yenye kofia, inayomulika ardhi kwa usawa, huacha vivuli vichache na humwezesha mtu kuona uso wa anayekuja. Ikiunganishwa na kihisi-mwendo, huongeza faida nyingine. Taa inayowaka usiku kucha huzoeleka na hakuna anayeishughulikia. Inayowaka ghafla huvuta macho ya mwenye nyumba, ya mlinzi na ya jirani.

Usingizi wa binadamu

Mwili wa binadamu huongozwa na saa ya ndani inayorekebishwa na mwanga. Jioni, ubongo huanza kutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kwa usingizi. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, na seli hizo husisimka zaidi kwa mwanga wenye buluu. Mwanga huo ukiingia usiku, utoaji wa melatonini hupungua na usingizi huchelewa au hukatikakatika.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilizishauri halmashauri za nchi hiyo zisifunge taa za barabarani zenye rangi inayozidi kelvini 3,000, kipimo ambacho tutakieleza hapa chini. Hatusemi kwamba taa ya jirani itamletea mtu maradhi fulani. Tunachosema ni kwamba mtoto, mgonjwa, au mfanyakazi anayeamka alfajiri ana haki ya chumba chenye giza, na kwamba pazia zito linaloziba mwanga huo huziba pia upepo, jambo ambalo wakazi wa maeneo yenye joto wanalielewa vyema.

Viumbe vinavyotegemea giza

Wavuvi wetu wanaujua uwezo wa mwanga kuliko watu wengi. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika hutoka nyakati za giza la mwezi, wakiwa na karabai au taa za sola, kwa sababu mwanga huwavuta samaki hadi nyavuni. Wategaji wa senene huko Kagera na Uganda nao huwasha taa kali mbele ya mabati ili wadudu hao waje, wagonge bati na kuangukia kwenye mapipa. Watu hawa huwasha taa kwa makusudi na kwa saa maalumu. Taa ya uwanjani hufanya kazi hiyo hiyo ya kuvuta viumbe, kila usiku, bila mtu kukusudia wala kufaidika.

Kila msimu wa mvua kumbikumbi hujaa chini ya taa za nje. Mwaka 2024 watafiti walieleza sababu mojawapo ya wadudu kuizunguka taa: mdudu anayeruka huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni angani. Taa ikiwa karibu naye, hujipinda kuielekea na kubaki akizunguka hadi achoke. Huko Afrika Kusini iligunduliwa kwamba mbawakawa wanaoviringisha mavi ya wanyama huutumia mwanga wa Njia Nyeupe ili kwenda moja kwa moja usiku. Viumbe vidogo kama hivi huchavusha mazao, hurutubisha udongo na hulisha ndege na popo.

Ndege wahamao nao huathirika. Katika nyumba ya wageni ya Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, taa kali ziliwekwa ili wageni wawaone wanyama usiku. Ikaonekana kwamba katika usiku wenye ukungu, hasa Novemba na Desemba, ndege wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia huacha njia yao na kushuka kuzizunguka taa hizo kwa wingi. Tangu mwaka 1969 watafiti wameitumia hali hiyo kuwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia, na sayansi imefaidika sana. Lakini ndege anayeshushwa na taa ya ghorofa au ya mnara mjini hakuti mtafiti wa kumwachia. Hukuta kioo, ukuta au waya.

Pwani, anayeumia zaidi ni kasa. Kasa wa kijani hutaga katika fukwe za Tanzania, zikiwamo zile za kisiwa cha Juani huko Mafia. Watoto wao huchomoza mchangani baada ya takriban miezi miwili, kwa kawaida usiku, na huelekea upande wa upeo wenye mwanga zaidi. Kwa asili upande huo ni bahari, inayoakisi nuru ya mwezi na nyota. Hoteli au nyumba yenye taa nyeupe inayotazama ufukwe huwageuza, nao hutambaa kuelekea nchi kavu, ambako huishiwa maji, huliwa na kaa na kunguru, au hukanyagwa na magari. Kasa jike naye hukwepa kutaga katika ufukwe wenye taa. Anayejenga karibu na ufukwe anapaswa kufunga taa fupi zenye kofia na zenye rangi ya kaharabu au nyekundu, kutoelekeza taa yoyote baharini, na kufunga mapazia ya madirisha yanayotazama pwani.

Hesabu ya taa moja

Uniti moja ya umeme ni matumizi ya wati 1,000 kwa saa moja. Katika nchi yetu, iliyo karibu na Ikweta, usiku huchukua takriban saa 12 mwaka mzima. Tuchukue taa ya nje ya halojeni ya wati 150, inayowashwa saa 12 jioni na kuzimwa saa 12 asubuhi. Kwa usiku mmoja hutumia uniti 1.8, na kwa siku 30 hutumia uniti 54. Kwa mteja aliye katika kundi la matumizi madogo ya nyumbani, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, taa hiyo moja humaliza zaidi ya theluthi mbili ya kikomo kabla hajawasha feni, redio wala jokofu. Akivuka kikomo hicho, bei ya uniti hupanda.

Taa ya LED ya wati 20, yenye mwanga unaokaribiana na ule, ikiwaka saa hizo hizo hutumia uniti 7.2 kwa mwezi. Ikifungwa na kihisi-mwendo na kuwaka kwa jumla ya saa moja kila usiku, hutumia uniti 0.6, ukiacha kiasi kidogo ambacho kihisi chenyewe hutumia. Msomaji azidishe tofauti hiyo kwa bei ya uniti inayoonekana katika risiti yake ya LUKU, kisha ailinganishe na bei ya kihisi dukani.

Kusoma boksi kabla ya kununua

Kwenye boksi la taa kuna namba nne zinazostahili kusomwa.

Wati huonyesha umeme unaotumika. Hazionyeshi mwanga unaotoka, kwa hiyo zisitumike peke yake kulinganisha taa mbili.

Lumeni huonyesha wingi wa mwanga. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa takriban lumeni 800, na LED ya wati 8 hadi 10 hutoa kiasi hicho hicho. Kwa mlango au baraza ya nyumba ya kawaida, lumeni 400 hadi 800 hutosha. Taa ya lumeni 5,000 katika uwanja mdogo ni sawa na kununua gunia la chumvi kwa ajili ya sufuria moja.

Kelvini, inayoandikwa kwa herufi K, huonyesha rangi ya mwanga. Namba ndogo ni mwanga wa manjano, unaokaribia ule wa chemli. Namba kubwa ni mweupe wenye buluu nyingi. Taa nyingi za nje zinazouzwa madukani ni za 6,500K. Tunashauri 2,700K au chini yake, na kwa vyovyote isizidi 3,000K. Taa za rangi hii huvuta wadudu wachache zaidi, jambo ambalo anayekaa barazani jioni ataliona mwenyewe.

Alama ya IP huonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji. Kwa taa inayonyeshewa mvua moja kwa moja, tafuta IP65 au zaidi. Iliyo chini ya paa inaweza kuwa IP44. Hakikisha pia bidhaa ina alama ya ubora ya shirika la viwango, na udai risiti na dhamana.

Taa za sola zinahitaji uangalifu wa pekee. Sokoni kuna taa zilizoandikwa wati 200 au 300 huku paneli zake zikiwa ndogo kama daftari. Fikiri hivi: paneli ya wati 10 ikipata jua kali kwa saa tano haiwezi kukusanya zaidi ya wati-saa 50. Taa inayotumia kweli wati 100 ingemaliza umeme huo kwa nusu saa. Maandishi makubwa kwenye boksi yasikuvutie. Uliza nguvu ya paneli, uwezo wa betri na idadi ya lumeni. Muuzaji asiyeweza kukujibu hajui anachokuuzia.

Namna ya kufunga

Taa nzuri iliyofungwa vibaya huchafua sawa na taa mbaya. Uso wa taa utazame chini kabisa, na balbu ifichwe na kofia isiyopitisha mwanga ili isionekane kwa pembeni. Kofia inaweza kununuliwa ikiwa pamoja na taa, au kutengenezwa na fundi wa bati kwa gharama ndogo, mradi iache nafasi ya hewa ili taa isipate joto kupita kiasi. Taa mbili ndogo zilizowekwa karibu na zinakohitajika hufaa kuliko moja kali inayolazimika kuangaza kutoka mbali.

Taa ya uwanjani ipewe kihisi-mwendo. Kielekezwe kwenye njia ya watu, mbali na barabara na matawi, la sivyo kila gari na kila upepo utaiwasha. Taa ya duka au ya bango ipewe swichi ya saa ili ijizime biashara inapofungwa. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, hasa kwa taa zinazonyeshewa.

Baada ya kufunga, fanya jaribio hili. Usiku, toka nje ya lango lako, vuka barabara, kisha utazame nyumba yako. Ukiona ardhi, ngazi na mlango vikiwa vimeangazwa huku balbu yenyewe huioni, taa imekaa sawasawa. Ukiiona balbu iking'aa machoni, ipo haja ya kuiinamisha au kuikinga.

Taa ya jirani, ya biashara na ya barabara

Taa ya jirani ikiingia chumbani mwako, anza kwa mazungumzo. Mara nyingi mwenye taa hajawahi kuitazama kutoka upande wako. Mwalike jioni aje aone mwenyewe, kisha mpendekezee jambo dogo linaloweza kufanyika siku hiyo hiyo: kuinamisha taa, kuweka kofia au kubadilisha balbu. Mweleze pia kwamba usalama wake hautapungua. Mazungumzo yakishindikana, uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji unaweza kusaidia kusuluhisha.

Kwa taa ya barabarani, ripoti kwa halmashauri au kwa wakala wa barabara husika, ukitaja namba ya nguzo kama ipo. Ripoti pia taa zinazowaka mchana, kwa kuwa gharama yake hulipwa na umma.

Nchi nyingine zimeweka sheria. Slovenia ilipitisha kanuni zake mwaka 2007. Nchini Ufaransa, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2013 zinataka taa za madirisha ya maduka zizimwe ifikapo saa 7 usiku. Nchini Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa ubora wa giza lake, na leo watalii husafiri hadi huko kwa ajili ya nyota. Huku kwetu, wananchi wa maeneo mengi wanaziona nyota hizo bila kulipa kitu. Ni busara kuzitunza kabla hatujaanza kuzitafuta.

Maswali matano ya kujiuliza

Kabla ya kununua au kuwasha taa yoyote ya nje, tunamshauri mtumiaji ajiulize:

1. Taa hii inahitajika kwa kazi gani, na ni mahali gani hasa panapopaswa kuangazwa?
2. Je, mwanga wake wote unaelekea chini, ndani ya mipaka ya uwanja wangu?
3. Je, lumeni zake zinalingana na kazi hiyo, au zimezidi?
4. Je, kuna kihisi au swichi ya saa ya kuizima isipohitajika?
5. Je, rangi yake haizidi 3,000K?

Anayejibu vizuri maswali hayo matano atapata uwanja unaoonekana, risiti ndogo ya umeme, jirani asiye na kinyongo, na anga yenye nyota ambazo watoto wake wataweza kuzihesabu.